Seli Zisizokomaa: Kimeng'enya cha Mitokondria Kinavyoingia Kwenye Saratani

Kuna kidonge kimoja cha saratani ya damu ambacho kikianza kufanya kazi, hesabu ya chembe nyeupe za mgonjwa huweza kupanda badala ya kushuka. Daktari asiyekifahamu anaweza kudhani ugonjwa umezidi, akakisimamisha. Lakini akichukua tone la damu hiyo na kulitazama kwa hadubini, ataona zile seli changa za saratani, za mviringo, zenye kiini kikubwa kinachokaribia kujaza seli nzima, zimeanza kupungua. Mahali pake zimetokea nyutrofili, yaani chembe nyeupe zilizokomaa, zenye kiini kilichogawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Nyutrofili hizo zikipimwa jeni zake, nyingi hukutwa na kasoro ile ile iliyokuwa kwenye seli za saratani. Hazikuzaliwa na seli nzima zilizosalia kwenye uboho. Ni seli za saratani zenyewe zilizokua na kukomaa.

Kidonge hicho kinaitwa enasidenibu, na kiliidhinishwa Marekani Agosti 2017. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kimoja kinachokaa ndani ya mitokondria: isositreti dihaidrojinesi ya pili, ambayo kwa kifupi huandikwa IDH2. Vimeng'enya, kwa wasiokumbuka, ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. IDH2 ni miongoni mwa vile vinavyoshughulika na mabaki ya chakula ndani ya seli, kazi ya kila siku isiyo na makuu. Imekuwaje basi kimeng'enya kama hicho kikapata mamlaka ya kuamua kama seli ya damu itakomaa au itabaki changa ikizaana tu?

Jibu la haraka ni nishati. Tangu shuleni tumekariri kwamba mitokondria ndizo zinazozalisha nishati ya seli, kwa hiyo tunaona ni wazi kwamba kimeng'enya chake kikiharibika seli itakosa nishati, na katika kuhangaika huko itageuka saratani. Wazo hilo lina mwenyewe, tena mtu mkubwa. Otto Warburg wa Ujerumani aliona katika miaka ya 1920 kwamba vipande vya uvimbe wa saratani vikiwekwa kwenye chombo chenye sukari na oksijeni ya kutosha, bado vinaichachusha sukari na kutoa asidi ya laktiki kwa wingi, kana kwamba oksijeni haipo kabisa. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Mwaka 1956 akaandika katika jarida la Science kwamba saratani huanza pale upumuaji wa seli unapojeruhiwa jeraha lisilopona. Mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, Sidney Weinhouse alimjibu kwamba seli nyingi za saratani zinapumua vizuri tu.

Utafiti wa miaka iliyofuata ulimpa haki Weinhouse. Saratani nyingi zina mitokondria zinazofanya kazi, na hata zinazihitaji ili ziishi. Kwa muda mrefu mitokondria zikawekwa kando katika mazungumzo ya chanzo cha saratani. Macho yote yakageukia jeni zinazoamuru seli igawanyike. Zilirudi kwa mlango ambao Warburg hakuufikiria, na mlango wenyewe ni molekuli ndogo zinazotoka ndani ya mitokondria na kwenda kuingilia shughuli za kiini cha seli.

Molekuli zinazotoka nje

Mwaka 1937, Hans Krebs, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Warburg kule Berlin kabla ya kuikimbia Ujerumani ya Hitler, alieleza akiwa Sheffield, Uingereza, ule mzunguko wa kikemia unaoitwa kwa jina lake. Chakula kikishavunjwavunjwa, vipande vyake vya mwisho huingia kwenye mzunguko huo na kupitishwa hatua kwa hatua: sitreti, isositreti, alfa-ketoglutareti, kisha mbele kidogo suksineti, fumareti, na kadhalika mpaka duara lifunge na kuanza upya. Kila hatua ina kimeng'enya chake. Wanafunzi huuchukia mzunguko huu kwa sababu hufundishwa kama orodha ya kukariri. Naomba msomaji ashike majina matatu tu, alfa-ketoglutareti, suksineti na fumareti, kwa kuwa yote yaliyobaki yanategemea hayo.

IDH2 hugeuza isositreti kuwa alfa-ketoglutareti. Ana ndugu wawili. IDH3, naye yumo ndani ya mitokondria, ndiye anayeendesha hasa hatua hiyo ya mzunguko wa Krebs. IDH1 yuko nje, kwenye majimaji ya seli. IDH1 na IDH2 wanafanana sana, na katika kufanya kazi yao huzalisha NADPH, molekuli ambayo seli huitumia kujikinga na kemikali zinazounguza na kujengea mafuta yake. Kama mambo yangeishia hapo, IDH2 isingejulikana nje ya vitabu vya biokemia.

Ila alfa-ketoglutareti haibaki yote ndani ya mitokondria. Nyingine hutoka, na huko nje inasubiriwa. Mwili wa binadamu una vimeng'enya zaidi ya 60 ambavyo haviwezi kufanya kazi bila vitu vitatu kwa pamoja: oksijeni, madini ya chuma, na alfa-ketoglutareti. Kila mara kimoja kinapofanya kazi yake hutumia molekuli moja ya alfa-ketoglutareti na kuacha suksineti kama mabaki. Baadhi yake hupima oksijeni ndani ya seli. Wengine, na hawa ndio wanaotuhusu zaidi, ni wafutaji wa alama.

Alama zenyewe ni hizi. Karibu kila seli ya mwili inabeba DNA nzima, iwe ya ngozi, ya ini au chembe nyeupe ya damu. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Njia mojawapo ya kuzifunga ni kubandika alama ndogo za kikemia ziitwazo methili juu ya DNA yenyewe au juu ya histoni, zile protini ambazo DNA huviringishwa juu yake. Seli changa ya damu inapokomaa na kuwa nyutrofili, haina budi kufunga baadhi ya jeni na kufungua nyingine kwa mpangilio maalumu. Kufungua maana yake ni kufuta alama. Kazi ya kuzifuta kwenye DNA inaanzishwa na vimeng'enya vya kundi la TET, na kwenye histoni kuna kundi lingine kubwa. Makundi yote mawili yanaitegemea alfa-ketoglutareti.

Kasoro iliyokataa kuhama mahali

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walisoma jeni zaidi ya 20,000 kutoka kwenye uvimbe 22 wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Hawakuwa wakitafuta kitu chochote cha mitokondria wala cha mzunguko wa Krebs. Katika orodha ndefu ya jeni zilizoharibika ikajitokeza IDH1, ambayo hakuna aliyeitegemea. Ilikuwa na kasoro katika takriban asilimia 12 ya wagonjwa wa glioblastoma waliopimwa. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba katika glioma (jamii ya uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo) zinazokua polepole zaidi, zile za daraja la pili na la tatu, kasoro hiyo iko kwa zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa, na wachache wasio nayo kwenye IDH1 huwa nayo kwenye IDH2. Mwaka huo huo ikapatikana pia kwenye leukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho.

Hapo ndipo penye hoja ninayoipenda kuliko zote katika habari hii, kwa sababu haikuhitaji mashine yoyote. Ilihitaji mtu atazame mahali kasoro ilipo na kujiuliza kwa nini iko hapo tu.

Jeni inayoharibika kwa kupoteza kazi huharibika popote. Protini ni mnyororo wa mamia ya asidi amino. Unaweza kuukata mwanzoni, katikati au mwishoni, na matokeo yakawa yale yale. Tena binadamu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, hivyo ili kazi ipotee kabisa ni lazima zote mbili ziharibike. Kwenye IDH hali ilikuwa kinyume. Katika IDH1 kasoro ilikuwa karibu mara zote kwenye asidi amino namba 132. Katika IDH2 ilikuwa kwenye namba 172, ambayo ndiyo pacha wa ile 132, au namba 140. Mahali pote hapo asidi amino inayobadilika ni arginini, ambayo ina chaji chanya na inakaa kwenye shimo la kimeng'enya ambamo isositreti hushikwa. Na nakala iliyoharibika ni moja tu. Ya pili imebaki nzima. Seli ya saratani inaelekea kuitaka ibaki nzima.

Kasoro ya namna hiyo haielekei kuwa ya kupoteza kazi. Inaelekea kuwa kimeng'enya kimepata kazi mpya.

Mwaka 2009 kazi hiyo ikajulikana. Watafiti waliweka IDH1 yenye kasoro ndani ya seli za maabara, kisha wakapima mamia ya molekuli ndogo zilizomo ili kuona ipi imeongezeka. Moja iliruka juu kuliko zote: 2-haidroksiglutareti. Nitaiita 2HG kama wanavyoiita wenyewe maabarani. Kimeng'enya chenye kasoro kilikuwa kinachukua alfa-ketoglutareti, yaani zao la kimeng'enya kizima, na kuigeuza kuwa 2HG, kikila NADPH katika kufanya hivyo. Sasa unaona kwa nini nakala nzima inahitajika: ndiyo inayotengeneza malighafi, na ile yenye kasoro inaipokea.

IDH2 iliingia kwenye leukemia kwa kufuata nyayo hizo hizo. Kuna wagonjwa ambao seli zao zilijaa 2HG ilhali IDH1 yao haina kasoro. Walipotazamwa kwa ndugu yake wa mitokondria, kasoro ikaonekana. Leo inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 8 na 19 ya watu wazima wenye leukemia kali ya mieloidi wana kasoro kwenye IDH2.

Molekuli mbili zinazofanana

Weka alfa-ketoglutareti na 2HG ubavu kwa ubavu. Zote mbili ni mnyororo wa atomu tano za kaboni. Zote zina kundi la asidi kila upande wa mwisho. Kaboni ya tatu ni ile ile, ya nne ni ile ile. Tofauti iko kwenye kaboni ya pili tu: katika alfa-ketoglutareti imeshikwa na oksijeni kwa kifungo cha maradufu, katika 2HG kifungo hicho kimelegezwa kikawa kimoja, na haidrojeni mbili zimeongezeka, moja kwenye kaboni na moja kwenye oksijeni. Hakuna tofauti nyingine.

Kwa hiyo 2HG inapofika kwenye kimeng'enya kama TET2, inaingia kwenye nafasi ya alfa-ketoglutareti na kukaa. Inatosha humo. Lakini kwa kuwa haina kile kifungo cha maradufu, kazi haiwezi kuendelea. Kimeng'enya kinabaki kimekaliwa na kitu kisichotumika, na alama za methili zinabaki zilipo.

Hapa kiasi kina uzito mkubwa. 2HG ni mzuiaji dhaifu. Ikiwa kidogo, alfa-ketoglutareti inaishinda na kurudi mahali pake. Kwenye seli nzima 2HG hutokea kwa bahati mbaya tu, kidogo sana, na kuna kimeng'enya maalumu ndani ya mitokondria hizo hizo kinachoirudisha kuwa alfa-ketoglutareti. IDH2 yenye kasoro inaizalisha kwa kasi ambayo msafishaji huyo haiwezi. Katika uvimbe wenye kasoro hii 2HG imepimwa ikiwa imeongezeka mara mia na zaidi, kiasi kwamba kwenye glioma inaweza kuonekana kwa mashine ya MRI iliyopangwa kupima kemikali, bila kufungua fuvu la mgonjwa.

Rudi sasa kwenye uboho. Seli changa ya damu imepata kasoro kwenye IDH2. Haijakosa nishati. Inakula, inapumua, inagawanyika. Wakati unafika wa kukomaa, na jeni za ukomavu zinatakiwa kufunguliwa, lakini wafutaji wa alama wamezuiwa. Seli inabaki pale pale ilipo, ikizaa nyingine zilizokwama kama yenyewe. Uboho unajaa seli changa zisizoweza kupigana na vijidudu, na nafasi ya seli zenye manufaa inakwisha.

Ushahidi mmoja ulinifanya niamini maelezo haya zaidi ya mengine. Jeni ya TET2 yenyewe huharibika mara nyingi kwenye leukemia hii. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba wagonjwa wenye kasoro ya TET2 na wagonjwa wenye kasoro ya IDH ni makundi mawili ambayo karibu hayaingiliani. Mgonjwa ana hii au ana ile. Ukiwa umekwisha mvunja mfutaji, kumzuia kwa 2HG hakukuongezei kitu. Na ukiwa umemzuia, kumvunja ni kazi bure. Saratani zilizoanza kwa watu tofauti, kwa kasoro za jeni tofauti, moja ya kimeng'enya cha mitokondria na nyingine ya kimeng'enya cha kiini cha seli, zimegonga mahali pamoja.

Ndugu wengine wa mzunguko

IDH2 si kimeng'enya cha kwanza cha mitokondria kukamatwa katika saratani. Kilichotangulia ni suksineti dihaidrojinesi, SDH, mwaka 2000, na chenyewe kinafanya kazi kwa njia ya kawaida ya jeni zinazoharibika: popote, na nakala zote mbili. Mtu anazaliwa na nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi, kisha ya pili inapotea kwenye seli fulani katika maisha yake. SDH ikiwa haipo, suksineti haina pa kwenda. Inarundikana, inamwagika nje ya mitokondria, na kwa kuwa suksineti ni mabaki ya wale vimeng'enya zaidi ya 60, wingi wake unavizuia kutoa mabaki mapya. Ni kama kisima kilichoziba upande wa kutolea maji.

Vinavyoumia zaidi hapa ni vile vya kupima oksijeni. Katika hali ya kawaida, oksijeni ikiwepo, hivi huiwekea alama protini iitwayo HIF ili iharibiwe. Oksijeni ikipungua alama haiwekwi, HIF inabaki hai, na seli inaagiza mishipa mipya ya damu na kubadilisha namna inavyotumia sukari. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuufumbua mfumo huu. Suksineti inapojaa, mpimaji anashindwa kufanya kazi ingawa oksijeni ipo tele. Seli inaamini iko kwenye hewa nyembamba.

Na tazama uvimbe wenyewe unapoota. Kasoro za SDH huleta paraganglioma, uvimbe ambao mara nyingi hukaa kwenye kijinofu kidogo kilicho shingoni, pale mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani unapogawanyika. Kijinofu hicho ndicho kipimio cha oksijeni cha mwili mzima. Watu wanaoishi maisha yao yote juu ya milima mirefu sana hupata uvimbe huo zaidi kuliko wanaoishi chini, hata bila kasoro ya jeni, kwa sababu kijinofu chao kimeshinda miaka mingi kikifanya kazi kupita kiasi. Anayezaliwa na kasoro ya SDH ni kama amebeba mlima huo ndani ya seli zake. Kuna jambo jingine ambalo familia zenye kasoro kwenye sehemu ya SDH iitwayo D zinapaswa kulijua: aliyerithi kasoro kutoka kwa baba yuko hatarini, aliyerithi kutoka kwa mama ni nadra kupata uvimbe, ingawa anaweza kuwapitishia watoto wake. Ugonjwa unaweza kuruka kizazi kizima na familia ikadhani umekwisha.

Fumareti haidrateji, kimeng'enya cha hatua inayofuata, kilitambuliwa mwaka 2002. Kikikosekana, fumareti inarundikana na kuzuia vimeng'enya vile vile. Wenye kasoro hiyo ya kurithi hupata vivimbe vya misuli laini kwenye ngozi, wanawake hupata fibroidi kwenye mji wa mimba wakiwa bado vijana, na baadhi yao hupata saratani ya figo inayosambaa haraka. Naomba isieleweke vibaya: fibroidi ni ugonjwa wa wanawake wengi mno, na walio wengi hawana kasoro hii wala hawako kwenye hatari hiyo ya figo. Kinachostahili kumfanya daktari aulize zaidi ni fibroidi za mapema zikiandamana na vivimbe vya ngozi au historia ya saratani ya figo katika familia.

Molekuli hizi tatu, 2HG, suksineti na fumareti, zimepewa jina la pamoja: onkometaboliti. Maana yake ni mazao ya kikemia ya seli ambayo yakizidi yanachangia kuanzisha saratani. Ni wazo jipya kwa kiasi chake. Zamani ilidhaniwa kwamba kemia ya seli hubadilika kwa sababu ya saratani. Hapa kemia ndiyo inayotangulia.

Lakini inatangulia tu. Haitoshi peke yake. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro ya IDH2 kwenye namba 140 ile ile ya leukemia. Miili yao imejaa 2HG tangu tumboni. Wanapata kifafa, udhaifu wa misuli ya moyo na kuchelewa kukua, mateso makubwa, ila ugonjwa wao si saratani. Kwa watu wazima pia, kasoro ya IDH2 imeonekana kwenye damu miaka mingi kabla leukemia haijajitokeza. Seli iliyozuiwa kukomaa ni seli yenye muda mrefu wa kupata makosa mengine, na makosa hayo, yanayoiamuru igawanyike bila kukoma, ndiyo yanayokamilisha ugonjwa.

Kuifunga IDH2

Kama maelezo yote haya ni ya kweli, basi dawa inayozuia IDH2 yenye kasoro haina haja ya kuua. Itasimamisha 2HG, wafutaji wa alama watafunguliwa, na seli zitaendelea na safari ya ukomavu pale zilipoishia. Ndicho kinachofanywa na enasidenibu, na ndiyo sababu ya zile nyutrofili zenye kasoro tulizoziona kwenye tone la damu. Katika majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa ambao leukemia yao ilirudi au ilikataa dawa nyingine, takriban asilimia 40 waliitikia kwa namna fulani, na karibu mmoja kati ya watano alipata nafuu kamili.

Ukomavu huo una hatari yake. Seli nyingi zikikomaa kwa pamoja zinaweza kuvamia mapafu na viungo vingine. Mgonjwa anapata homa, anapumua kwa shida, maji yanajaa mwilini, na asipotibiwa mapema anaweza kufa. Dawa zenye deksamethasoni huituliza hali hiyo zikianzishwa bila kuchelewa. Mgonjwa na wanaomuuguza wanatakiwa kuzijua dalili hizi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na inaniuma kwamba katika maandishi mengi kuhusu dawa hii zinatajwa mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo.

Hata hivyo, jaribio kubwa la baadaye lililolinganisha enasidenibu na matibabu ya kawaida kwa wazee ambao ugonjwa ulikuwa umefika mbali halikuonyesha kwamba walioipata waliishi muda mrefu zaidi kwa jumla. Kwa mtazamo wangu matokeo hayo hayaivunji hoja ya 2HG. Yanakumbusha kwamba kwa mgonjwa wa hatua ya mwisho, kasoro ya IDH2 imekwisha kufunikwa na nyingine nyingi. Kwenye ubongo, ambako glioma za daraja la pili hukua polepole na kasoro ya IDH ndiyo ya mwanzo kabisa, habari ni tofauti: dawa inayozuia IDH1 na IDH2 kwa pamoja, vorasidenibu, ilipimwa kwa wagonjwa 331 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji tu. Ugonjwa ulikaa bila kusonga mbele kwa wastani wa miezi 27.7 kwa walioitumia, dhidi ya miezi 11.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Marekani iliiidhinisha Agosti 2024.

Kisha kuna namna saratani inavyojikomboa. IDH2 hufanya kazi ikiwa jozi, protini mbili zilizoshikana, na enasidenibu hukaa kwenye mpaka kati ya hizo mbili. Mwaka 2018 walielezwa wagonjwa wawili ambao dawa iliwasaidia na kisha ikaacha. Seli zao zilikuwa zimepata kasoro ya pili kwenye mpaka huo, inayoizuia dawa kukaa vizuri. Ajabu ni kwamba kasoro hiyo mpya haikuwa kwenye nakala ile mbovu. Ilikuwa kwenye nakala nzima, ile ambayo mpaka hapo haikuwa na hatia yoyote; na kwa kuwa nzima na mbovu hushikana jozi moja, ilitosha. 2HG ikapanda tena.

Kwa wagonjwa wengine IDH2 ilibaki imefungwa barabara na dawa. Kasoro ikazuka kwa ndugu yake wa nje ya mitokondria, IDH1, kwenye ile arginini namba 132. Kinyume chake pia kimeonekana, kwa waliokuwa wakitumia dawa ya IDH1 na IDH2 ikashika zamu. Damu yao ilipopimwa, molekuli iliyorudi ilikuwa 2HG ile ile.